Kufunga bwawa la kuogelea wakati wa masika si kulitelekeza

Masika yakianza, nyumba nyingi za wageni kuanzia Diani hadi Malindi hupunguza wafanyakazi na kusubiri wageni wa Julai. Mabwawa ya kuogelea nayo hufungwa. Tatizo ni kwamba mengi hufungwa kwa kuzima pampu tu. Baada ya wiki chache maji hugeuka kijani, majani huoza chini, na majirani huanza kulalamikia mbu.

Katika nchi zenye baridi kali kama Kanada, bwawa hufungwa ili maji yasigande na kupasua mabomba, na baridi hiyo hiyo huzuia mbu na mwani. Pwani yetu haina baridi ya namna hiyo. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo bwawa lililofungwa bado linahitaji mtu wa kulikagua kila wiki.

Hatari zilizopo

Maji machafu yenye majani yaliyooza hupendwa na mbu aina ya Culex, ambaye huku Pwani hueneza ugonjwa wa matende. Mbu wa homa ya dengi, anayeuma mchana, hupenda maji kidogo yaliyotuama, kama yale yanayokusanyika juu ya turubai la kufunikia bwawa. Mombasa ilikumbwa na milipuko ya dengi miaka ya 2013, 2017 na 2021.

Hatari ya pili ni watoto kuzama. Mtoto huzama kwa dakika chache, mara nyingi bila kelele. Katika maji ya kijani hata aliye ukingoni hawezi kumwona aliye chini.

Hatua za kufunga bwawa lililochafuka

1. Mtu yeyote asiingie majini ikiwa sakafu ya bwawa haionekani.

2. Majani na takataka zitolewe kwanza kwa wavu. Uchafu ukibaki, dawa huishia kwenye uchafu.

3. Kiasi cha maji kijulikane. Zidisha urefu, upana na wastani wa kina kwa mita. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita 1.5, lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Dawa ipimwe kwa hesabu hiyo, kama pakiti inavyoelekeza.

4. Kipimo cha pH kiwe kati ya 7.2 na 7.6, kisha klorini itiwe jioni, kwa kuwa jua huipunguza nguvu. Dawa hutiwa kwenye maji, kamwe maji yasitiwe kwenye dawa. Aina mbili za klorini zisichanganywe, kwani zinaweza kulipuka.

5. Kuta zisuguliwe, pampu iendeshwe usiku kucha na kichujio kisafishwe. Kazi hii irudiwe hadi sakafu ionekane.

6. Maji yashushwe kidogo chini ya ukingo ili mvua isiyafurishe. Bwawa lililochimbwa lisimwagwe lote wakati wa mvua, kwani maji ya ardhini yanaweza kuliinua na kulipasua.

7. Bwawa kubwa la plastiki lililosimamishwa juu ya ardhi pia lisiachwe tupu, kwa kuwa maji ndiyo huzishikilia kuta zake zisiangushwe na upepo. Ngazi yake iondolewe. Vidimbwi vidogo vya watoto vimwagwe, vikaushwe na kuwekwa ndani.

Baada ya hapo pampu iendeshwe saa chache kila siku, klorini ipimwe kila wiki, na maji yaliyotuama juu ya turubai yaondolewe. Turubai lisichukuliwe kuwa ulinzi, maana mtoto akilikanyaga linaweza kumzamisha. Kinachosaidia ni uzio wa pande zote nne wenye lango linalofungwa.

Asiyeweza kumudu dawa kwa miezi yote anaweza kuweka samaki aina ya tilapia, ambao hula viluwiluwi vya mbu. Hao hawawekwi kwenye maji yenye klorini. Mafuta machafu ya gari yasimwagwe bwawani. Huharibu maji na udongo.

Wajibu wa mwenye nyumba

Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, maji yanayozalisha mbu ni kero, na mwenye eneo anaweza kuamriwa kuyaondoa. Mwenye nyumba anayeishi mbali amwachie mlinzi au mtunza bustani dawa, kifaa cha kupimia na maelekezo yaliyoandikwa, wala si funguo peke yake.

Mkazi anayeona bwawa lililotelekezwa mtaani mwake amjulishe mhudumu wa afya ya jamii au afisa wa afya ya umma wa wadi yake. Asingoje mtu augue, wala mtoto atafutwe.