Kuchagua Mvinyo Unaokupendeza kwa Bei Unayoimudu

Katika maduka mengi ya mijini, mvinyo wa Dodoma hupangwa rafu moja na ule wa Afrika Kusini, Italia, Hispania na Ufaransa. Bei hutofautiana sana, na mlaji asiye na mwongozo hubaki na mambo mawili ya kutegemea: uzuri wa lebo na ukubwa wa bei. Yote mawili hupotosha. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuitambua ladha uipendayo, kuisoma lebo, kukokotoa bei na kujilinda dhidi ya kinywaji bandia. Hatupendekezi kampuni yoyote, wala hatumshawishi asiyekunywa aanze kunywa.

Bei inalipia nini?

Fedha unayotoa dukani hulipia zabibu, lakini hulipia pia chupa, kizibo, usafiri, kodi, matangazo na faida ya kila mfanyabiashara ambaye bidhaa imepitia mikononi mwake. Sehemu kubwa ya gharama hizo haiongezi ladha. Chupa nene na nzito, kwa mfano, hupandisha gharama ya usafiri bila kubadili kilichomo ndani.

Mwaka 2008 ulichapishwa nchini Marekani utafiti uliokusanya maonjo zaidi ya 6,000, ambamo waonjaji hawakuambiwa bei. Watu wa kawaida wasio na mafunzo ya mvinyo hawakuupendelea ule wa bei ya juu; kwa wastani waliupenda kidogo chini ya ule wa bei nafuu. Kwa hiyo, mlaji anayependa mvinyo wa bei ya chini hana sababu ya kuona haya.

Itambue ladha yako

Mambo manne yanatosha kuueleza mvinyo wowote.

Utamu ni sukari iliyobaki baada ya zabibu kuchachuka. Uchachu ni ule ukali unaofanana na wa limau au ukwaju, unaotia mate mdomoni. Ukakasi ni hali ya ulimi kukauka na kukaza, kama unapotafuna ndizi mbichi. Hutokana na maganda na mbegu za zabibu, ndiyo maana hupatikana zaidi katika mvinyo mwekundu. Kilevi ni kile kinacholeta joto kooni.

Nunua chupa ndogo au glasi moja moja, onja aina mbili au tatu kwa nyakati tofauti, kisha andika: nimependa utamu? Uchachu umenizidi? Ukakasi umenikera? Baada ya mara chache utaweza kumwambia muuzaji, “Nataka mwekundu usio na ukakasi mwingi, wenye utamu kidogo,” badala ya kumwachia akuchagulie ulio ghali.

Soma maneno ya lebo

Neno linalowachanganya wengi ni “dry”. Maana yake ni kwamba karibu sukari yote ya zabibu imegeuka kilevi. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mvinyo wa aina hiyo kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita, ingawa unaweza kufikia 9 uchachu wake unapokuwa mkubwa. Ule unaoandikwa “sweet” huanzia gramu 45. Soda nyingi zina takribani gramu 100 kwa lita. Aliyezoea soda asishangae mvinyo wa “dry” unapomkunjisha uso. Mvinyo haukuharibika, haukuwa wa aina yake tu. Anayependa utamu wa wastani atafute “semi-sweet”.

Kwa mvinyo wa mapovu maneno hayo hubadilika maana. “Brut” una sukari chini ya gramu 12 kwa lita, ilhali “extra dry” una kati ya 12 na 17. Anayekimbilia “extra dry” akidhani ndio usio na utamu kabisa, amechukua ulio mtamu zaidi.

Tazama pia jina la zabibu. Dodoma, iliyo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100, huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Miongoni mwa aina zilimwazo huko ni Chenin Blanc, itoayo mvinyo mweupe wenye uchachu wa kuburudisha. Syrah, itoayo mwekundu mzito wenye harufu inayokumbusha pilipili manga. Na Makutupora nyekundu, iliyobeba jina la eneo lake. Mvinyo wa zabibu za nchini hutozwa ushuru wa bidhaa kwa kiwango cha chini kuliko wa zabibu za nje, nao haulipiwi safari ya baharini. Ni busara kuanzia hapo.

Hakikisha, mwisho, kwamba lebo inasema ni mvinyo wa zabibu. Mvinyo wa ndizi au wa rozela ni vinywaji halali, lakini visiuzwe kwa bei ya zabibu.

Kokotoa kabla ya kulipa

Linganisha bei kwa ujazo. Tuseme chupa ya mililita 750 inauzwa Sh 18,000 na boksi la lita 3 Sh 54,000. Boksi hilo ni sawa na chupa nne, hivyo kila chupa imekugharimu Sh 13,500. Tena mfuko ulio ndani ya boksi huzuia hewa, na mvinyo hudumu wiki kadhaa baada ya kufunguliwa. Wa chupa hupoteza ladha baada ya siku tatu hadi tano, hata ukiwa kwenye jokofu.

Hotelini, uliza glasi ina mililita ngapi. Chupa moja hutoa glasi tano za mililita 150. Glasi ikiuzwa Sh 8,000, chupa hiyo inauzwa Sh 40,000.

Kokotoa na kilevi pia. Chupa ya mvinyo wa asilimia 12 ina mililita 90 za kilevi halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Anayemaliza chupa ya mvinyo peke yake amekunywa zaidi ya bia tatu na nusu. Asiendeshe chombo cha moto. Wajawazito na walio chini ya umri wa miaka 18 wasinywe kabisa.

Jilinde dhidi ya bandia na ulioharibika

Kinywaji bandia hakikuli fedha tu; kinaweza kuwa na kemikali za kupofusha macho au kuua. Kabla ya kulipa, kagua stempu ya kielektroniki ya TRA, alama ya ubora ya TBS, jina na anwani ya mtengenezaji, na kifuniko kisichoguswa. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni onyo, si bahati.

Usinunue chupa iliyoanikwa juani dirishani, wala ambayo kizibo kimesukumwa juu au kinavuja. Joto huupa mvinyo ladha ya matunda yaliyochemshwa, na hewa huugeuza siki.

Dai risiti ya EFD kila unaponunua. Ukigundua kasoro, usimwage: hifadhi chupa na mvinyo uliobaki, rudi kwa muuzaji na risiti yako. Asipokusikiliza, toa taarifa TBS kuhusu ubora, au Tume ya Ushindani kuhusu bidhaa bandia. Chupa na risiti ndizo zitakazokuwa ushahidi wako.