KUUTAMBUA UKOO WA MIMEA KWA HESABU YA UA



Nalimwona mkulima hodari aking'oa viazi ulaya vilivyonyauka, kisha akapanda nyanya katika udongo ule ule, akidhani amebadili zao. Nyanya nazo zikanyauka kabla ya kuzaa. Alibadili jina tu, ukoo ukabaki ule ule. Na vijidudu vya mnyauko, vikaavyo udongoni, havijali jina.

Ukoo wa mmea hutambulikana kwa ua lake. Wataalamu huliandika ua kwa herufi nne:

K ni kikombe cha kijani kilicho nje.
C ni taji la majani ya rangi.
A ni nyuzi za kiume zitoazo vumbi.
G ni kifuko cha mbegu kilicho katikati.

Tarakimu yaonyesha idadi ya sehemu. Mabano yaonyesha kwamba sehemu hizo zimeungana.

Basi chuma ua la kiazi ulaya, ulihesabu pole pole kutoka nje kwenda ndani. Utaandika hivi:

K(5) C(5) A5 G(2)

G(2) maana yake sehemu mbili zilizoungana. Kata kitunda kichanga kwa kukingama, utaona vyumba viwili.

Sasa hesabu ua la tumbaku, na lile ua dogo jeupe la mnavu. Hesabu ni ile ile, maana hao ni ndugu. Nyanya, biringani na pilipili ni wa ukoo huo pia. Lakini zile za bustani pengine huzidisha hesabu, kwa sababu watu wamezichagua kwa ukubwa wa matunda. Usidanganyike.

Linganisha na ua la maharagwe:

K(5) C1+2+(2) A(9)+1 G1

Jani moja kubwa liko juu, mawili ubavuni, na mawili ya chini yameshikana. Nyuzi tisa zimeungana, moja iko peke yake. Kifuko ni kimoja, nacho ndicho kiwacho ganda la maharagwe. Huu ni ukoo mwingine kabisa.

Yafuatayo yafaa kushikwa:

1. Usipande ndugu baada ya ndugu.
2. Mnyauko ukiingia shambani, panda mahindi kwa misimu kadhaa.
3. Ng'oa mnavu na viazi vijiotea vyenyewe, kwani huutunza ugonjwa wakati shamba limepumzika.

Kabla ya kupanda, hesabu ua. Kazi hiyo haina gharama, nayo yaweza kuokoa mavuno ya mwaka mzima.