Sentimita Zinazoamua Sinki la Choo Likae Wapi

Kuhamisha sinki la choo kutoka ukuta huu kwenda ule huonekana kazi ya saruji na vigae. Fundi bomba mzoefu haanzi huko. Hutoka nje kwanza, akafunua chemba, shimo la ukaguzi ambamo bomba la choo huingia, na kupima kina chake.

Haneti, kata ya wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, ni mahali pazuri pa kuelewa kwa nini. Katika tembe, nyumba za jadi za Wagogo wa huko, choo kilikaa uani, na kukihamisha kulimaanisha kuchimba shimo jingine. Nyumba ya matofali yenye choo cha ndani imeleta tatizo jipya: bomba limezikwa chini ya jamvi la zege, na hakuna chumba cha chini wala dari ambamo mtu angeweza kupenya alifikie.

Bomba la inchi nne huhitaji mteremko wa karibu 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Tuseme bomba linaingia kwenye chemba sentimita 40 chini ya sakafu. Kona iliyo chini ya sinki, pamoja na zege la kuifunika, inakula kama 25. Zinabaki 15, nazo zinatosha mita sita tu. Mwenye nyumba akitaka sinki likae mita nane kutoka kwenye chemba, hapo hata awe na pesa kiasi gani, mvutano wa dunia haumpi punguzo.

Mafundi wengi huonya kwamba bomba likiinama sana, maji hukimbia yakaacha kinyesi nyuma. Kwenye bomba fupi la nyumbani hofu hiyo imekuzwa mno. Majaribio ya maabara, yakiwemo ya John Swaffield wa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt huko Scotland, yameonyesha kuwa kinyesi husukumwa na wimbi la maji, na wimbi hilo hulala kadiri linavyosafiri. Mteremko ukiongezeka, mzigo hufika mbali zaidi. Ndiyo maana ndoo inayomwagwa kwa mkupuo mmoja husafisha kuliko maji yaleyale yakimiminwa polepole, jambo zito mahali ambapo mvua ina msimu mmoja na maji mara nyingi hubebwa kwa ndoo.

Basi njia ya kwenda ni ipi, kama kuvunja jamvi zima hakuwezekani? Mara nyingi ni ukuta wa nje. Sinki la kukaa ambalo tundu lake hutokea nyuma, si chini, hupitisha bomba ukutani juu ya sakafu, na mtaro wote ukachimbwa nje kando ya msingi, ambako mtu anaweza kusimama na kufanya kazi. Ukuta usipofaa, sakafu ya choo huinuliwa kwa kidato kimoja. Wageni watajikwaa siku ya kwanza, lakini sentimita 15 zimepatikana. Kisichoguswa ni mkanda wa msingi na nondo zake. Tundu la ukutani nalo liachiwe nafasi kuzunguka bomba, hasa penye udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Pa kukunja, kona mbili za digrii 45 hupitisha vizuri kuliko moja ya 90.

Kisha kuna trapu, shingo iliyopinda inayobakiza maji ili harufu isirudi. Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, aliipatia hataza mwaka 1775. Sinki la kuchuchumaa la kumwagia maji huweza kuwa na kina cha maji cha milimita 20 tu, na katika hewa kavu ya Dodoma, choo cha wageni kisichotumika kinaweza kukauka. Hong Kong waliona uzito wa jambo hilo Machi 2003: kwenye maghorofa ya Amoy Gardens watu zaidi ya 300 waliugua SARS, na wachunguzi wakataja trapu za sakafuni zilizokauka kuwa mojawapo ya njia za virusi. Bomba la hewa linalopanda juu ya paa hulinda trapu isinyonywe na mkupuo wa maji, ila haliizuii kukauka. Dawa ya hilo ni kikombe cha maji mara kwa mara.

Kabla ya kufukia, fundi huziba mwisho wa bomba upande wa chemba, akalijaza maji na kuliacha. Maji yakishuka, kuna kiungo kinachovuja, na kukitafuta sasa ni kazi ya dakika chache, kwa sababu mtaro bado uko wazi.