Je, Wajua? Malkia wa Sataranji Kutoka Katwe
Filamu ya Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair na kutolewa na kampuni ya Disney mwaka 2016, inatokana na maisha halisi ya Phiona Mutesi, aliyekulia Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, ambako Robert Katende aliwapa watoto uji na kuwafundisha sataranji, yaani mchezo wa ubao wenye miraba 64 ambao lengo lake ni kumnasa mfalme wa mpinzani. Mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Sataranji mjini Istanbul, Mutesi alijipatia cheo cha ngazi ya chini kabisa miongoni mwa vyeo vya wanawake vya shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Katika filamu hiyo, mama yake aliigizwa na Mkenya Lupita Nyong'o.