Sauti ya mzee isizikwe mara mbili

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuijua kanda ya kaseti, wasikilizaji wapenzi.

Ninayo kanda niliyonasa Matiri, wilayani Mbinga, miaka mingi iliyopita. Mzee mmoja wa Kimatengo anaeleza namna ya kuchimba ngoro, yale mashimo ya kwenye miteremko yanayozuia maji ya mvua yasizoe udongo. Mzee huyo amekwishatangulia mbele ya haki. Hivi karibuni kanda nayo ikaanza kukwaruza, nikaona nikichelewa tutamzika mara ya pili.

Niliipiga kanda kwenye redio kaseti, nikaingiza sauti katika kompyuta kwa waya. Ikabaki kuichoma kwenye CD. Kompyuta yangu inaendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, unaopatikana bila ada ya leseni. Wengi huogopa kazi hiyo, kumbe ina mambo manne tu.

Kwanza, kompyuta iitambue mashine ya kuchomea. Miaka ya 1990 ilibidi mashine nyingi za ndani ya kompyuta zifanywe zionekane kana kwamba ni za aina ya SCSI. Tangu Linux 2.6 ilipotoka Desemba 2003, hilo si lazima tena. Basi ukikuta maelekezo ya namna hiyo, yaruke. Siku hizi unachomeka mashine kwenye tundu la USB, nayo kwa kawaida huonekana kwa jina /dev/sr0.

Pili, ruhusa. Linux haimwachii kila mtumiaji aguse kila kifaa. Ukiambiwa huna ruhusa, msimamizi wa kompyuta akuingize katika kundi linaloitwa cdrom, kisha utoke na kuingia upya.

Tatu, aina ya CD. CD ya megabaiti 700 hubeba dakika 80 za sauti. Kanda ya dakika 60 inaenea. Ya dakika 90 haienei, igawe. Ukitaka ipigwe kwenye redio ya nyumbani, choma CD ya muziki. Ukitaka akiba, choma CD ya data, kwa sababu programu kama K3b inaweza kuisoma upya na kuilinganisha na faili la awali. Usiiruke hatua hiyo: CD ambayo haijasomwa upya haijakamilika.

Nne, umeme. Mwale wa leza huunguza tabaka la rangi, na CD ya kuchomwa mara moja haifutiki. Mara yangu ya kwanza umeme ulikatika katikati ya kazi, CD ikabaki kioo cha kujitazamia. Sasa natumia kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa.

Nilichoma nakala mbili. Moja nimeipeleka Matiri kwa watoto wa mzee, nyingine ninayo mimi, mbali na jua na joto. Kwa kuwa kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kutia CD, faili lenyewe nimeliweka pia kwenye flashi.

Kama nyumbani unayo kanda yenye sauti ya mzee wako, itoe kabatini juma hili, ingali inasikika.

Hadi juma lijalo, kwaherini.