Nukta Zinapofunikana

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu nchini Tanzania watu 61,741,120; na lau mtu angetaka kuchora kaya za mkoa wa Tabora pekee, umri wa mkuu wa kaya ukisomwa kwenye mstari wa mlalo na idadi ya watu wake kwenye mstari wa wima, kila kaya nukta moja, angepata waa jeusi lisilobainisha kitu, kwa kuwa miaka na watu huhesabiwa kwa namba kamili, na maelfu ya nukta yangekaa mahali pamoja, ya juu ikiisitiri ya chini, mithili ya nyayo za wapagazi katika njia ya Bagamoyo hadi Ujiji.

Tiba nyepesi ni kuzifanya nukta ndogo na kuzipa wino hafifu, ili penye msongamano pakolee. Wengine huzisogeza kidogo zitawanyike, hila ambayo naikubali kwa sharti kwamba msomaji aarifiwe. Lakini hesabu ikifikia malaki, bora ni njia waliyoieleza Daniel Carr na wenzake mwaka 1987: uwanja wote hugawanywa vyumba vya pembe sita, na kila chumba hupakwa rangi kwa kadiri ya nukta zilizomo. Enyi walimu wa takwimu, wafundisheni wanafunzi njia hii kabla hawajachapisha waa jingine.