Mbunge akifariki, nani anakalia kiti chake?

Mbunge wa Uingereza akifariki, kiti chake kinabaki wazi mpaka watu wa jimbo lake waitwe kupiga kura tena. Kwa desturi, chama kilichokishika ndicho kinaomba Bunge litoe hati ya uchaguzi mdogo. David Amess aliuawa Oktoba 2021. Jimbo lake, Southend West, likamchagua Anna Firth tarehe 3 Februari 2022.

Kwetu Kongo jambo hilo linaamuliwa mapema. Katiba ya 2006 inamtaka kila mgombea wa ubunge asimame na supleani wawili, yaani wabadala wake. Mkazi wa Kiwanja, hapa Rutshuru, alipogusa picha ya depite (mbunge) wake kwenye mashine ya kura Desemba 2018, alikuwa anachagua watu watatu, hata kama kwenye kampeni alisikia jina moja tu. Depite akifariki, Bunge la Taifa linaidhinisha supleani wa kwanza, naye anaingia Kinshasa kumalizia muhula. Tume yetu ya uchaguzi, CENI, haifungui hata kituo kimoja cha kura.

Utaratibu huu una sababu nzuri. Rutshuru si jimbo la mbunge mmoja. Teritwari nzima ina viti kadhaa, na viti vinagawanywa kulingana na kura za kila orodha ili kundi dogo nalo lipate mtu wake. Kiti kimoja kikigombewa peke yake, kundi kubwa litakibeba, na waliomtuma marehemu watabaki bila sauti. Hapa kwetu, penye jamii nyingi zilizoumizana, hilo ni jambo zito.

Tena kiti hakikai wazi. Kenya inafuata njia ya Kiingereza: katiba yake inataka uchaguzi mdogo ndani ya siku 90. Lakini mbunge wa Banissa, Kulow Maalim Hassan, alifariki Machi 2023 wakati tume ya uchaguzi haina makamishna, na watu wake wakasubiri mpaka tarehe 27 Novemba 2025. Siku hiyohiyo Kasipul, jimbo jingine la Kenya, ilimchagua Boyd Were ashike nafasi ya baba yake, Ong'ondo Were, aliyepigwa risasi Nairobi mwezi wa Aprili. Kwetu pia wagombea wengi wanaweka mke, mtoto au ndugu kuwa supleani. Ila watu wa Kasipul waliulizwa, na wangeweza kumkataa mtoto. Sisi hatuulizwi. Kwa hiyo naona supleani apande jukwaani pamoja na mgombea, jina lake liwe kwenye afishi, watu wa Mabungo na Buturande hapa Kiwanja wamhoji kabla ya kura.

Lakini Rutshuru ina pengo ambalo hakuna supleani wa kuliziba. Waasi wa M23 waliingia Kiwanja tarehe 29 Oktoba 2022, na Desemba 2023 Rutshuru na Masisi hazikupiga kura. Beni na Butembo, zilizoahirishiwa uchaguzi wa Desemba 2018, zilipiga kura ya wabunge tarehe 31 Machi 2019, baada ya miezi mitatu. Sisi miaka inapita. Sheria imemwandalia mrithi depite aliyefariki. Raia aliyenyimwa kura na vita haikumwandalia kitu. Siku uandikishaji utakapofika Kiwanja, CENI ianze na waliokimbia makwao, na iwaandike kama wapiga kura wa Rutshuru, popote walipo.